Mwisho wa Kafiyu

Mhariri wangu ni kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo inayoniudhi. Alinipigia simu juzi, akanipa pole ya msiba, akauliza kama khitima ilikwenda salama, kisha akakohoa kidogo na kuniambia kwamba hadithi yangu mpya ni nzuri sana ila mwisho wake hauaminiki. Jitu lenye nguvu kama lile, alisema, lililomeza ngamia na kuwafungia watu wazima ndani ya vibanda vyao, haliwezi kushindwa kwa jambo dogo namna ile. Watoto watataka life. Akapendekeza shujaa mmoja na upanga. Nikamwambia nitalifikiria, na hapo nilikuwa naongopa, maana jambo hilo nililifikiria hadi nikalimaliza nilipokuwa msichana mdogo ndani ya ua wa miiba na seng'enge, na hadi leo sijabadili mawazo.

Simu yake ilinikuta nimeketi mkekani nyumbani kwa marehemu mama, hapa Garissa, mimi na mdogo wangu wa kike, Shukri, tukigawana vitu vyake. Havikuwa vingi. Chini ya sanduku la nguo nilikuta kengele ya ngamia, ile ya mti, iliyochongwa kwa kisu na kung'arishwa na shingo ya ngamia mwenyewe kwa miaka mingi. Niliinua nikainusa. Ilinuka moshi wa vibuyu vya maziwa, samli iliyochacha, na jasho la mnyama ambaye amekufa kabla nywele zangu hazijajua mvi. Shukri akanyoosha mkono na kusema hiyo ni yake. Shukri anauza mbuzi na ng'ombe kwenye soko la mifugo, na wanaume wenye ndevu hukwepa kubishana naye bei. Nikampa.

Kengele ile ilikuwa ya ngamia wetu wa mwisho. Wakati wa vita vya huku kwetu, miaka ya kwanza ya uhuru, serikali ilipoona haiwezi kuwatofautisha wapiganaji na wachungaji, ilituambia sote tuhame malishoni tukae pamoja mahali pamoja, tuzungushiwe miiba na seng'enge, pawe na lango moja na askari. Walipaita kijiji. Ngamia hawawezi kuishi kijijini, hilo hata mtoto wa kwetu analijua, na wetu walikwisha upesi: wengine walipigwa risasi malishoni, wengine walichukuliwa wakapelekwa tusikokujua. Baba alikuwa amefariki kwa homa kabla ya hayo yote. Tulibaki mimi, Shukri ambaye bado hakuwa ameng'oka jino la kwanza, mama yetu tuliyemwita Hooyo, na mama yake Hooyo, bibi yetu, tuliyemwita Ayeyo. Ayeyo alihama malishoni na vitu viwili tu mkononi: bakuli la kutawadhia na kengele ile. Watu walimcheka. Kengele ya nini, na ngamia hayupo? Aliwajibu kwamba ngamia wanajua kurudi.

Sasa kuhusu Kafiyu. Langoni palining'inizwa ringi ya lori, imefungwa kwa mnyororo kwenye boriti. Jua lilipokaribia kuzama, askari aliichapa kwa spana, na sauti yake ilikwenda mbali, ikaingia hadi kwenye meno. Hapo lango lilifungwa. Watu wakubwa walianza kukimbia wakiambiana, "Ingieni, Kafiyu!" Moto ulizimwa. Mazungumzo yakazimwa. Wanawake waliokuwa wakiimba wakitwanga mtama wakakata wimbo katikati, na hakuna aliyetoka nje hadi alfajiri. Neno lenyewe lilikuwa kafyu, marufuku ya kutoka nje, lakini nani angetueleza? Hatukujua Kiswahili, na waliojua walikuwa na mambo mengine ya kufikiria. Mimi na Shukri tulilisikia likiitwa kama jina la mtu, tukaona linavyotetemesha wazee, tukajumlisha wenyewe.

Kwa hiyo tulimjua vizuri. Kafiyu alikuwa mkubwa kuliko kifaru, maana hata wanaume waliowahi kumfukuza simba walimkimbia. Alikula ngamia, ndiyo sababu ngamia wameisha. Hakupenda moto, labda alikuwa na manyoya marefu. Alichukia nyimbo, kwa hiyo masikio yake yalikuwa makubwa. Na alimla yeyote aliyekutwa nje ya lango baada ya ringi kulia, na hili hatukulibuni sisi, maana jirani yetu mmoja alichelewa nje akimtafuta mbuzi aliyepotea, tukasikia milio huko vichakani, na hatukumwona tena. Wakubwa walisema amechukuliwa na kafyu. Miaka mingi baadaye, nikiwa shuleni, mwalimu aliandika neno hilo ubaoni na kueleza maana yake, nami nikanyoosha mkono kumwambia kwamba amesahau manyoya. Darasa zima lilinicheka. Sikuona aibu hata kidogo; mimi nilimjua Kafiyu, wao walimsoma.

Kila siku Hooyo alitoka nje ya lango. Wanawake waliruhusiwa kwenda kuchota maji na kuokota kuni, mradi wawe wamerudi kabla ya ringi. Shukri alilijua sharti hilo, na likamwingia mwilini. Aliacha kula mchana. Alikaa mlangoni mwa kibanda akitazama lango hadi Hooyo aingie, ndipo anywe uji, na mara nyingi tumbo lilikuwa limeshakataa. Akakonda, mbavu zikaanza kuonekana kama fito za kibanda chenyewe. Hooyo alimbembeleza, akamkemea, akamwombea. Shukri hakusema ila jambo moja: Kafiyu atamla Hooyo, kwa sababu Hooyo hupenda kuongea na wenzake njiani, na atachelewa.

Ayeyo aliamua kumuua Kafiyu. Zamani, malishoni, hadithi zilikuwa za jioni, kando ya moto, ngamia wakiwa wamelala. Lakini jioni zote alizichukua Kafiyu, kwa hiyo Ayeyo alituhadithia mchana kweupe, akishona mikeka ya kibanda kwa sindano ya mfupa. Siku ya kwanza alimleta simba, akamrarua Kafiyu. Shukri akauliza simba alikuwa wapi siku zote, na kwa nini risasi hazikumpata. Siku ya pili Ayeyo alileta kijana shujaa mwenye mkuki. Shukri akamkumbusha kwamba Kafiyu ana bunduki nyingi na lori. Siku ya tatu Ayeyo akaomba radi kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Hapo Shukri alifikiri kwa muda, maana hakutaka kukufuru, kisha akasema Mungu anaweza, lakini hata jana alikuwa anaweza.

Ayeyo aliiweka sindano chini. Nimekaa na waandishi wengi tangu wakati ule, na nimeona nyuso zao wanapokwama kwenye mwisho wa hadithi, lakini uso wa kwanza wa namna hiyo niliouona ulikuwa wake. Alikuwa na mjukuu anayekataa uongo, na mjukuu huyo alikuwa anakufa njaa kwa ajili ya ukweli. Hakuwa na nafasi ya kuandika ovyo.

Kesho yake alituita, na safari hii hakuhadithia kitu. Alituuliza. Alisema tumekuwa tukiuliza Kafiyu anakufaje, na bado hatujauliza anakujaje.

"Anakuja ringi ikilia," Shukri alijibu.

"Nani anailiza?"

"Yule askari mrefu."

"Na asipoiliza?"

Niliona macho ya Shukri yakienda langoni na kurudi. Aliuliza ikiwa Kafiyu mwenyewe hawezi kuipiga, na Ayeyo akamjibu kwamba amemtazama tangu tufike pale na hajawahi kuuona mkono wake. Lango hufungwa na mtu. Ringi hupigwa na mtu. Bunduki hubebwa na watu, tena watu wenye kiu, wanaokuja kuomba maji vibandani kama watoto. Kisha akaichukua kengele ya ngamia iliyoning'inia juu yetu, akaitikisa, ikalia ile sauti yake nzito ya mti tuliyoizoea tangu kuzaliwa. Akachomoa nyasi kavu kwenye mkeka, akazisokomeza ndani, akaitikisa tena. Haikusema kitu.

Akatueleza kwamba alipokuwa mwari, ukoo wake ulilazimika kupita karibu na kisima cha watu waliokuwa maadui zao, watu wengi kupita kiasi, wasioweza kupigwa. Kila ngamia alikuwa na kengele. Baba yake aliamuru wasichana wajaze nyasi kengele zote, na msafara mzima ukapita kimya, maadui wakinywesha mifugo yao bila kugeuka. Nilimuuliza kama hiyo ni kushinda, maana maadui walibaki wazima. Ayeyo alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kijinga. Alisema walikuwa wanataka kupita, na walipita. Shukri siku hiyo alikula uji mchana, bakuli zima, akaomba na la pili.

Siku chache baadaye jua lilianza kushuka na wanawake wa kuni hawakuwa wamerudi. Tulikuja kujua baadaye kwamba mmoja wao alichomwa na mwiba mkubwa, ukapita wayo hadi upande wa pili, hakuweza kukanyaga, na wenzake walikataa kumwacha. Wakati ule tuliona tu njia tupu. Ayeyo alisimama nje ya kibanda, mkono juu ya nyusi. Kisha vumbi likaonekana, mbali, na mizigo ya kuni ikiyumba juu ya vichwa. Walikuwa wakija, lakini polepole mno. Mimi nilianza kulia. Nilitaka Ayeyo anishike, nikageuka, na ndipo nilipogundua kwamba Shukri hayupo kando yangu.

Alikuwa langoni. Alikuwa amepanda juu ya debe la maji na kushindilia nyasi kwenye matundu ya ringi, moja baada ya jingine, kwa bidii, ulimi nje. Yule askari mrefu, ambaye sisi watoto tulimwita Mrefu tu, alisimama na spana mkononi akicheka. Ringi ya lori si kengele ya ngamia. Haina ulimi ndani, hulia kwa kupigwa nje. Hata mimi niliona kwamba nyasi hazitasaidia. Mrefu akazichomoa kwa vidole, bila hasira, akamwonyesha Shukri kwa mkono ashuke aende nyumbani. Akatazama saa yake. Akainua spana.

Shukri akaikumbatia ringi. Alipitisha mikono yote miwili, akaubana ubavu wake kwenye chuma, akalaza shavu juu yake na kufumba macho. Mrefu alichapa upande wa chini, kidogo, ili asimguse. Ikalia kama gunia la mtama linapoangushwa chini. Akachapa tena, upande mwingine. Gunia.

Ayeyo alikuwa ameshaanza kwenda, si kwa kukimbia, kwa mwendo wake wa kwenda msalani, na mimi nyuma yake nimeshika shuka yake. Mrefu alipomwona alishukuru, nadhani. Alimwambia kwa heshima, "Mama, toa mtoto. Saa imefika."

Ayeyo hakujua Kiswahili kingi. Alijua cha kuuzia maziwa, na maziwa yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo alikitumia kilichobaki.

"Kijana," alisema, "biga. Biga mtoto kwanza, halafu biga chuma. Kama nawesa, biga."

Nilielewa kwa mara ya kwanza Kafiyu ni nani, au tuseme nilielewa kwamba hayupo. Palikuwa na kijana mwenye jasho kwenye mdomo wa juu, spana, na mdogo wangu. Nyuma yetu watu walikuwa wameanza kutoka vibandani. Walizoea kukimbilia ndani kwa sauti, na sauti haikuja, kwa hiyo walikuja wao kutazama imekwama wapi. Walisimama. Hakuna aliyepiga kelele wala kuokota jiwe. Mrefu alitazama hema la mkubwa wake, akatazama nje ya lango, akauona mwisho wa ule msafara wa kuni, na mama yangu ndani yake, amembeba yule mwenye mwiba mgongoni kama anavyobebwa mtoto. Mkono wenye spana ulishuka.

Waliingia wote. Hooyo alimtua mwenzake chini, akaona umati, akamwona mwanawe kwenye ringi. Alimng'oa pale kwa nguvu, na kofi alilompiga nalisikia hadi leo, kisha akambana kifuani hadi Shukri akalalamika kwamba anaumia. Ndipo Mrefu akaipiga ringi. Ililia vizuri, kwa sauti yake yote, na watu wakaenda vibandani mwao kwa kutembea. Sijawahi kuusahau mwendo ule.

Mkubwa wa askari alitaka kujua kwa nini lango limechelewa kufungwa. Sijui Mrefu alijibu nini. Ninachojua ni kwamba asubuhi Ayeyo aliitwa na kuambiwa akae langoni, juani, hadi jioni, bila mwavuli wala kivuli, ili wengine wajifunze. Nilikasirika nikataka kuuma mtu. Ayeyo alikwenda akajikunjia chini pale pale, akajifunika shuka, akaomba kengele yake iletwe, na akaanza kuhadithia. Alimhadithia kila aliyepita kwenda kuchota maji, kwa sauti ya kuita ngamia, hadithi ya jitu lisilo na mikono na ya msichana aliyelishika ulimi. Mkubwa hakujua Kisomali, na Ayeyo alilijua hilo. Wanawake walicheka hadi wakajishika mbavu. Mkubwa akauliza kinachowachekesha, mtu mmoja akamjibu ni hadithi ya fisi, ya kizamani tu.

Adhuhuri, Mrefu aliletewa ngazi. Mbele ya macho ya Ayeyo aliifungua ringi kwenye mnyororo, akaipandisha juu kabisa, kwenye kilele cha nguzo, mahali ambapo hata mtu mzima asingeifikia bila ngazi. Ayeyo alimtazama hadi alipomaliza kukaza. Kisha alimwita Shukri, aliyekuwa akimpelekea maji, akamwonyesha kwa kidevu.

"Umeona? Amekuogopa."

Shukri aliitazama ile ringi kwa muda mrefu. Alikuwa na alama ya kutu shavuni, aliyokataa kuoshwa. Akauliza, kwa hiyo Kafiyu amekufa? Ayeyo hakumdanganya. Alisema bado, atakuja leo na kesho, lakini sasa anajua kwamba tunajua.

Na alikuja kweli, kila jioni, hadi vita vilipoisha na seng'enge ikakatwa. Njaa ilituuma, homa ikawachukua watoto wengi, na mimi sitasimulia hapa kana kwamba mtoto mmoja na debe lake walivishinda vita. Hawakuvishinda. Sijui pia Mrefu aliishia wapi. Sina deni naye, wala sina chuki. Alikuwa na mkono, akaushusha mara moja, na mara nyingine zote akaupandisha. Lakini tangu siku ile Shukri alikula. Na wanawake wa kuni walirudi wakiimba hadi langoni, wakikata wimbo dakika ya mwisho kabisa, ringi ikiwa inatetemeka.

Hayo yote nilitaka kumweleza mhariri wangu. Nilitaka kumuuliza kama amewahi kumwogopa mtu mwenye nguvu zote, kama aliwahi kukaa chini yake jioni baada ya jioni, na kama alipokuwa pale aliuona upanga mahali popote. Wanaoandika panga ni watu waliolala na mlango wazi maisha yao yote. Sisi tulijua kwamba aliye mkubwa mno hakuna wa kumzidi ubavu, kwa hiyo tulitafuta ni mkono wa nani anaouazima, na saa ngapi mkono huo unachoka. Nikamweleza Shukri alichosema yule kijana. Alikuwa ameipakata kengele, anaisugua kwa upindo wa shuka, na jua lilikuwa linazama upande wa mto.

"Anasema mwisho hauaminiki," nilimwambia. "Anataka jitu life."

Shukri alichungulia ndani ya kengele, akaingiza kidole, akatoa bua moja la nyasi, la kahawia, kavu hadi likavunjika. Akalipuliza likaanguka.

"Kafiyu alikuwa anamtaka nani?" aliniuliza.

"Hooyo."

"Hooyo amekufaje?"

Alijua. Tulikuwa naye wote wawili. Mama yetu alifariki kwa uzee mwezi uliopita, kitandani mwake, chumba kile kile tulichokuwa tumeketi, baada ya sala ya magharibi. Tangu tulipotoka kwenye ule ua hakuwahi kufunga mlango jua likizama. Tulimlalamikia kwa sababu ya mbu, kwa sababu ya paka, kwa sababu ya wezi, naye hakutusikiliza hata siku moja. Alikata roho akiutazama uchochoro, watu wakipita na taa zao, watoto wa jirani wakipigiana kelele, na mlango wazi.

"Basi mwambie huyo kijana wako," Shukri alisema, "aandike hivyo."

Akanyanyuka, akaitundika kengele kwenye msumari wa juu ya mlango, akaitikisa kwa nguvu, mara moja, giza lilipokuwa linaingia.